Malalamiko Kuhusu Breki Zinazoshika

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na pole na kazi ya kutuelimisha. Mimi ni Elvire Niyonsaba wa Villawood hapa Sydney, wengi mnaniita Mama Armelle, yule anayeleta maandazi baada ya ibada. Shule niliishia darasa la nne, kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, kwa hiyo ukikuta neno limekaa vibaya lisogeze tu. Lakini hasira usiiguse, hiyo nimeipanga mwenyewe.

Naandika kuhusu ile makala ya Ndugu Muriuki, "Fufua Breki za Baiskeli Kuukuu Ukiwa Nyumbani". Hongera sana. Ndugu Muriuki ni mtu wa ofisi, anafanya kazi mjini kwenye jengo la vioo, na Jumamosi anavaa glavu anasugua kutu kwa raha zake. Sisi kule kambini mwenye baiskeli kuukuu tulimwonea huruma. Akitaka kusimama alikandamiza kandambili kwenye tairi, na watu wakasema maskini, hana breki. Kumbe mwenzetu alikuwa na hobi, hatukujua.

Basi binti yangu Armelle, mtu mzima wa miaka ishirini ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, makala hiyo aliisoma yote, na maneno magumu akamuuliza baba yake. Wiki hiyo hiyo watu wa mtaa wetu walikuwa wametoa vitu vya zamani nje ili gari la taka la kaunsili lije kuvichukua. Kati ya godoro na mashine ya kufulia ilisimama baiskeli nyeusi ya enzi za mababu, zile ambazo breki zake si za waya bali ni vyuma virefu vinavyoshuka kutoka kwenye usukani. Baba na binti wakaileta ndani. Nasema ndani, Ndugu Mhariri. Jikoni.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Makala ilisema vyuma vyenye kutu vilowekwe kwenye siki mpaka kesho yake. Haikusema vilowekwe ndani ya nini. Mume wangu Juvénal akachagua sufuria yangu kubwa ya maharage, na namsifu kwa kuchagua vizuri, maana haivuji. Nilifunua kifuniko mbele ya wageni nikakuta breki. Mgeni mmoja aliuliza zinaliwa na nini.

2. Makala ilisema maungio yapakwe mafuta. Sasa mimi ni mama, nikiona kitu kimekauka nakipaka. Watoto wangu wote nimewapaka mpaka waking'aa ndipo waende kanisani. Nilipoona vile vipande vya mpira vya breki vimekauka na kupasuka kama visigino, nikavionea huruma, nikavipaka mawese. Rimu nazo nikazipaka, zote mbili. Zilipendeza sana. Kumbe chini kabisa, baada ya tangazo la msusi, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, mlikuwa mmeandika kwamba mafuta yasiguse mpira wala rimu. Asante kwa onyo. Siku nyingine liwekeni kwenye bahasha mlifukie.

Juvénal aliijaribu kwenye mteremko wetu. Aliminya breki kwa imani yote, baiskeli ikaongeza mwendo. Akashusha mguu aikandamize tairi kama kambini, akakuta imefunikwa na madigadi. Aliingia kwenye mapipa ya taka ya jirani, mama mmoja wa Kivietinamu, mwenye roho nzuri, ambaye alitoka akamwomba msamaha, kama vile mapipa ndiyo yaliyomgonga. Mume wangu akarudi akichechemea, akanusa vidole vyake, akaniuliza: "Mama Armelle, hizi breki umezikaanga?"

3. Zikapona. Hili ndilo kubwa, Ndugu Mhariri, naomba ukae chini. Baba na binti waliziosha kwa sabuni, wakafunga vipande vipya vya mpira, wakakaza hapa, wakalegeza pale, huku makala yenu imebandikwa kwenye friji. Sasa zinashika. Ukiminya tu, baiskeli inasimama kama imeitwa jina.

Utasema, Mama Armelle, hiyo si habari njema? Ngoja nikueleze. Baiskeli isiyo na breki ni salama kuliko zote, kwa sababu hakuna anayeipanda. Imeegemea ukuta, imetulia, haijawahi kumgonga mtu. Ajali zote za baiskeli zinaanza siku fundi anapofuta mikono na kusema, sasa iko tayari.

Kila siku ya kazi mimi ndiye ninayempeleka Armelle kwa gari mpaka kwenye ghala la Smithfield anakopakia mizigo, halafu naenda kwa wazee wangu ninaowatunza. Nyumbani mtoto huyu ana vitu masikioni, namwita mpaka namgusa. Lakini ndani ya gari, labda kwa sababu hatutazamani, anaongea. Tena Kiswahili! Kimevunjika, "kitu ile", "mtu yangu", lakini ni chake na ananipa mimi. Humo garini ndimo nilimosikia kwamba anataka kusomea uuguzi. Humo ndimo alimoniambia kuna msimamizi anamtisha, nikashuka nikamsalimia huyo msimamizi kwa upole mpaka akaacha. Mimi ndiye dereva pekee Sydney anayefurahia taa nyekundu.

Na sasa Ndugu Muriuki amempa breki. Kuanzia Jumatatu anaenda mwenyewe, kwa ile njia ya baiskeli kando ya kijito. Ameniambia, kwa Kiingereza, kwamba sasa nitaweza kulala zaidi asubuhi. Kulala! Nani aliomba kulala?

4. Na haitaishia hapo. Leo breki, kesho taa ya mbele, keshokutwa kufuli. Mtu mwenye kufuli ana mahali pa kuifungia baiskeli, na mahali hapo si nyumbani kwangu. Kutoka hapo ni chumba cha kupanga huko karibu na mjini, na mwenzake wa chumbani asiyejua kupika, na mimi kumwona Krismasi. Yote haya, Ndugu Mhariri, kwa sababu ya vipande vinne vya mpira.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, toleo lijalo lichapishe masahihisho kwamba breki za zamani hazitengenezeki. Kama mnaona aibu kusema uongo, andikeni kwamba zinatengenezeka, ila kwa ruhusa ya mama mzazi. Na Ndugu Muriuki atafutiwe hobi nyingine. Afuge kuku. Kuku hawajamchukua mtoto wa mtu mpaka Smithfield.

Nisalimie wote pale gazetini, na anayekunja kurasa, na mke wa Ndugu Muriuki, na Ndugu Muriuki mwenyewe pamoja na glavu zake. Mungu awalinde nyote barabarani, hasa mnaokwenda kwa miguu.

Ni mimi, kwa uchungu na adabu,
Elvire Niyonsaba (Mama Armelle)

N.B. Barua hii ilichelewa kutumwa kwa sababu ya stempu, na Jumatatu ikanikuta bado ninayo. Armelle alitoka na baiskeli yake. Mimi sikumfuata, nilikuwa tu naelekea upande huo huo, taratibu, taa za hatari zikiwaka, na watu wakinipigia honi. Karibu na ghala kuna mteremko, na chini yake lori lilikuwa linatoka. Aliminya, akasimama pale pale, mguu chini, salama kabisa. Mimi nilikanyaga na gari likapiga kelele kama nguruwe, likasimama hatua moja nyuma ya gurudumu lake. Nilidhani atanigombeza kwa Kiingereza. Akaja dirishani, akainama, akasikiliza, akasema: "Mama, breki yako inalia. Hii si nzuri. Jumamosi mimi na wewe tutaingia chini ya gari, tutaangalia." Maneno yote hayo kwa Kiswahili, Ndugu Mhariri, na lori lilikuwa bado linapita.

Naomba Ndugu Muriuki aandike kuhusu breki za gari kuukuu. Aeleze kwa urefu, mwanzo mpaka mwisho, na asitufundishe njia ya haraka. Maonyo yawe juu.