Milimita Tano za Fundi Mathieu

Kikula, Likasi, tarehe 4 Agosti

Kwa Ndugu Mathieu, fundi wa bunduki, nyuma ya soko la Kikula

Ndugu Fundi,

Nakusalimu kwa heshima, mtu wa ufundi kwa mtu wa ufundi. Mimi ni Georges Banza, fundi cherehani, yule uliyemwaibisha Jumanne mbele ya shangazi zake watatu. Sikuandikii kwa hasira. Hasira ilikuwa jana. Leo nimebaki na malalamiko tu, na nimeyapanga kwa namba ili yasikuponyoke.

Shida yetu unaijua. Jumamosi hii Mama anavua nguo nyeusi, mwaka mzima tangu Baba atutoke. Mimi, mtoto wa kwanza, nimerithi bunduki yake ya mitutu miwili, na nimeuahidi ukoo wote kwamba Mama akitoka mlangoni nitaipiga mara moja juu, ili Baba asikie na amwachilie mkewe. Nilikuja kwako kuomba jambo dogo: uniambie risasi gani, yaani kartushi gani, ni salama. Sikuja kuomba hotuba.

1. Kwanza, namba. Kwenye bunduki imeandikwa 12, ambayo ni unene wa kartushi, na kando yake 65. Kwetu kila mtu anajua kwamba 65 ni mwaka. Dada yangu Julie alizaliwa mwaka huo, na tangu utoto tunamwita pacha wa bunduki. Wewe ukaingiza chuma chako cha kupimia ndani ya mtutu kama daktari wa meno, ukasema: “Hii haiko mwaka, ndugu. Iko urefu wa fasi ya kuwekea kartushi. Soixante-cinq millimètres,” yaani milimita sitini na tano. Sasa Julie, mwanamke mwenye wajukuu, ananiuliza yeye ni pacha wa nani. Umjibu wewe.

2. Pili, herufi. Chini ya mtutu kuna taji dogo, na pamoja nalo E.L.G. Mke wangu Hadassa ndiye aliyefunuliwa maana yake katika maombi: Éternel, Le Grand, yaani Wa Milele, Mkuu. Mchungaji Blaise amezihubiri herufi hizo Jumapili mbili mfululizo, na watu wanne wameokoka. Wewe unasema ni alama ya Wabelgiji wa Liège walioijaribu bunduki kabla ya kuiuza, tena waliijaribu kwa baruti nyeusi ya zamani, si hii kali ya siku hizi. Je, wale wanne tuwarudishe walikotoka?

3. Tatu, hapa umeingilia kazi yangu. Shemeji yangu Hénoc wa Kambove ameniazima kartushi mbili nzuri, nyekundu, zimeandikwa 70. Nilizitia, zikaingia, bunduki ikafunga bila kunung'unika. Ukasema: “Kuingia itaingia. Njo kutoka kuko probleme.” Ukaeleza kwamba kartushi ikipigwa mdomo wake hufunguka, na ile ndefu ikikosa nafasi ya kufungukia, nguvu inazidi ndani na mtutu unaweza kupasuka mkononi mwa mpigaji. Eti nisubiri wiki tatu kartushi fupi, za baruti ya pole, zitoke Lubumbashi, na hata hizo nisizitie mpaka umechungulia kama kutu haijaila mitutu.

Ndugu yangu, tofauti ni milimita tano! Mimi milimita tano nazipoteza kwenye mshono mmoja bila hata kuzitafuta. Miaka thelathini nimewavika watu wa Likasi suruali zinazobana, na hakuna aliyefia ndani. Ya Hénoc ilipasuka kanisani, ni kweli, lakini alikuwa anapiga magoti.

4. Nne, maneno yako yana miguu. Uliniuliza mbele za watu: “Weye unataka kulilia baba yako, ao unataka kumufuata?” Tangu hapo Shangazi Clotilde anailalia bunduki chini ya godoro lake. Binamu yangu Carlos anapendekeza tupige mlio wa bunduki kwa simu, kupitia spika za kanisa. Shangazi mwenyewe anataka nigonge mifuniko ya sufuria. Baba yangu, mwindaji, aagwe kwa mifuniko!

5. Sasa fuata hesabu. Bila mlio, Baba hasikii. Asiposikia, hamwachilii Mama. Asipomwachilia, Mama anabaki na nguo nyeusi. Kwa hiyo wewe, Mathieu, kwa milimita tano tu, umemfunga mjane wa watu. Ukoo ukiuliza nani amemfunga, sitamtaja Hénoc.

Ombi langu ni karatasi fupi yenye sahihi yako, isemayo kwamba 70 ni 65 iliyokula vizuri. Baba aliishi na bunduki hiyo miaka arobaini. Kila Jumapili alishika nayo njia ya Kamatanda akarudi na nyama, wala haikumletea shida hata siku moja. Iliyomtii baba haiwezi kumgeuka mtoto.

Tena nisikufiche: namkosa Baba. Alikuwa na masikio mazito, na sijui namna nyingine ya kumwambia jambo akasikia.

Msalimie mkeo Mama Emérance, watoto, majirani wa pande zote mbili, na wateja wako wote, hata wale unaowakatalia.

Ni mimi ninayekuheshimu, ingawa si kama Jumatatu,

Georges Banza

P.S. Kabla ya kufunga bahasha nilimsomea Mama barua hii, nikitegemea anisifu. Badala yake akaniambia kwamba vile vidole viwili alivyopoteza Baba, ambavyo sisi watoto tulijua vilibaki ndani ya mashine ya kusagia mawe kazini, havikuguswa na mashine yoyote. Ilikuwa kartushi ya 70, ya kuazima. Baba aliona haya, akasingizia kazi. Bunduki aliitengenezesha, akaipaka mafuta maisha yake yote, na hakutia tena kitu ndani. Nyama ya Jumapili alikuwa anainunua barabarani. Mama anasema: “Baba yenu alipiga mara moja, ilitosha. Miye nitavua nguo yangu bila makelele.”

Bahasha ni nzito kwa sababu kartushi za Hénoc zimo humu. Hadassa anakuletea mwenyewe. Zipokee, na Jumamosi uje ule nasi. Mimi vidole vyangu ninavihitaji: Mama ameniomba gauni jeupe, na bado sijalikata.