Leza na Vumbi la Chai

Jumatatu, 8 Julai 1974
Siku kubwa! Daktari Mogire wa chuo kikuu amefika kiwandani na sanduku lililofungwa kwa blanketi mbili. Ndani: leza. Bomba la kioo, vioo viwili vidogo, mwanga mwekundu ulionyooka kama uzi. Ukipita kwenye vumbi la majani chai, mshale wa kipimo unaonyesha vumbi ni kiasi gani. Chuo kinaleta elimu, kiwanda kinaleta karakana. Karakana ni mimi, Abner Nyasani, fundi mkuu. Wanawake wa chumba cha kuchambulia wanakohoa kila siku, mke wangu Kwamboka akiwemo. Wakurugenzi wanakuja Ijumaa. Wakiridhika, chombo kitakamilishwa hapa. Wasiporidhika, Daktari anakipeleka kiwanda kingine. Hakiendi popote! Na kitaitwa Kipimo cha Nyasani.

Jumanne, 9 Julai
Nimeunda stendi ya chuma. Kilo tisini. Nimechonga jina langu ubavuni, herufi za inchi mbili. Daktari akauliza, kwa upole, kama imebaki nafasi ya kuweka leza. Wivu wa wasomi. Bathsheba wa maabara, anayeonja chai na kuandika vipimo, akasema stendi haitapita mlangoni. Nikapima. Haipiti. Nimeng'oa mlango.

Alhamisi, 11 Julai
Msiba! Nilifika kabla ya Daktari na Bathsheba. Vile vioo vilikuwa na ukungu kidogo. Nikavisugua kwa kitambaa cha mafuta ya taa. Leza ikakataa kuwaka. Daktari akatoka jasho. Nikamweleza kwamba pengine ni baridi ya hapa Manga. Bathsheba akainama, akanusa, akanitazama.
"Fundi, siku hizi baridi ya Manga inanuka mafuta ya taa?"
Hana heshima. Mimi ni rika la baba yake! Wamevisafisha kwa spiriti na pamba mpaka saa kumi, wakigeuza skrubu kidogo kidogo. Mimi nilishika chupa ya spiriti. Bila mimi wangefika wapi?

Ijumaa, 12 Julai
Wakurugenzi wanne, suti tupu. Leza iliwaka vizuri ajabu. Nilisimama kando ili jina langu lisomeke. Mshale ukapanda mpaka mwisho. Makofi! Nikainamisha kichwa. Kisha mkurugenzi mmoja akauliza vumbi lote hilo linatoka wapi. Vibarua sita wakaisogeza stendi huku na huku, Bathsheba akisoma mshale, mpaka wakasimama chini ya feni ya kuvuta vumbi. Mfuko wake wa kukusanyia vumbi umepasuka. Wakauliza feni ni kazi ya nani. Nikatazama dari. Kwamboka akakohoa, akasema kwa sauti:
"Ni ya huyo mume wangu. Namwambia tangu Pasaka."
Wameamua: chombo kinabaki, chuo na kiwanda vitaendelea pamoja. Msimamizi upande wa kiwanda, Bathsheba. Mimi nimeshona mfuko wa feni mpaka jioni.

Jumapili, 14 Julai
Jana, Jumamosi ya Sabato, kanisani Kwamboka aliimba wimbo mzima bila kukohoa. Nilimsikiliza, nikasahau kuimba.
Leo nimemwandikia Daktari barua. Tuunde leza ya kuonja chai, ili Bathsheba apumzike. Daktari alete bomba, mimi nitaleta fikira. Majaribio nitaanza mwenyewe kesho asubuhi, maabara ikiwa bado haina mtu. Ufunguo ninao. Bisibisi ninayo. Nini kinaweza kuharibika?