Picha Yangu na Tembo wa Tsavo

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kalekye ameleta picha kwenye kikundi chetu cha kusuka mikeka. Ameitia fremu! Yeye na miwani yake ya jua, nyuma yake tembo, kule Tsavo Mashariki kwenye nchi kame. Kanisa lake ndilo lililompeleka. Akina mama wakaacha mikeka, wakaipokezana ile fremu kama mtoto mchanga.

Na Jumapili ni uchaguzi. Mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi tangu hakijawa na mkeka hata mmoja. Leo Fauzia akasema ati mwenyekiti anafaa awe mtu aliyetembea akaona dunia, kwa kuwa wanunuzi wetu ni watalii. Fauzia! Mtu hajavuka Kona ya Musa hapo Diani, na hapo penyewe alikwenda kung'olewa jino.

Nikawaambia Tsavo nilikwenda zamani, kabla Kalekye hajaijua njia ya pwani. Kalekye akajibu kwa adabu zake zile za kuudhi, basi mama, tuletee picha nasi tuone. Nikasema iko sandukuni.

Picha hakuna. Hata sanduku hakuna. Lilikwenda na binti yangu Hanifa alipoolewa.

Jumanne, 5 Agosti

Mume wa Hanifa, Garama, huendesha magari ya watalii kutoka Diani. Alhamisi anawapeleka Tsavo wazungu wawili, mume na mke, wazee. Nimemtuma Hanifa amwambie kwamba mkwewe naye anakwenda. Sikuomba. Mkwe haombwi, anaarifiwa. Garama akaniletea jibu kwamba kwanza atawauliza wageni. Wamekubali. Ati watafurahi. Wasifurahi wana nini?

Kijana huyu amelelewa, lazima niseme. Tangu amuoe binti yangu hajanitazama usoni. Akija kunisalimia, huisalimia miguu yangu. Nikitokea mlangoni ghafla, hugeukia ukuta. Wakwe wa wenzangu huwakodolea macho mama wakwe zao kama wanatazama televisheni.

Alhamisi, 7 Agosti

Tumeondoka alfajiri. Nilibeba kikapu cha machungwa, maana mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Wazungu wameyamaliza kabla ya Voi. Niliwatazama tu.

Nchi yenyewe sasa! Mchanga mwekundu kama pilipili ya kusaga. Miti mikavu, haina kivuli cha kumtosha kuku. Kwetu Msambweni shamba likiwa hivi, watu husema mwenyewe mvivu. Huku watu wanatoka Ulaya kuja kulitazama.

Tembo nao wekundu. Wanajimwagia vumbi wenyewe, watu wazima kabisa. Nilimwuliza Garama kwa nini hawaogi. Akauambia usukani kwamba huko ndiko kuoga kwao.

Akasimamisha gari karibu na kundi kubwa. Gari lile paa lake hufunguka, abiria husimama kwenye kiti akatoa kichwa nje. Nikasimama. Tembo yuko nyuma yangu, masikio kama majamvi. Nikatafuta wa kunipiga picha. Wazungu walikuwa upande wa pili na kamera ndefu kama mchi, wanapiga picha kindege cha kijivu. Tembo wote hao, wao kindege! Nikaona nikiwapa simu yangu nitarudi Msambweni na unyoya. Nikampa Garama.

Akaishika vizuri, akaielekeza kwangu, kisha akageuza uso pembeni akabonyeza. Picha ya kwanza, paa la gari. Ya pili, mbingu. Ya tatu, kiatu cha mzungu. Ya nne ina sikio la tembo na kiwiko changu. Nikamkaripia, hebu tazama unachokipiga! Akasema, "Nisamehe mama, siwezi." Jinsi nilivyomkaripia ndivyo alivyozidi kuinama, mpaka simu ikawa inapiga picha magoti yake.

Tembo akaanza kuondoka. Nikaona uenyekiti wangu unaondoka naye.

Hapo akili ikanijia. Kinachomtia haya mtoto wa watu ni uso wangu. Basi uso uondoke! Nilikuwa nimebeba ninja yangu ya usoni, ya kujikinga na vumbi. Nikaifunga, yakabaki macho tu. Garama akainua kichwa. Akanitazama bila taabu yoyote, kama anatazama pazia. Akabonyeza.

Picha safi! Tembo kainua mkonga, mimi nimesimama wima. Alhamdulillahi. Kalekye atakunywa maji ashushe wivu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekwenda Kona ya Musa kuisafisha picha, itoke simuni iingie kwenye karatasi. Kubwa kupita ya Kalekye. Yule wa studio akaniuliza huyu ni nani. Nikamwambia kazi yake ni picha, si maswali.

Jumapili, 10 Agosti

Tulimngoja Kalekye atoke kanisani, kisha nikaifunua. Akina mama wakatazamana. Nikadhani ni wivu.

Kalekye akasema shikamoo mama, tembo tumemwona, na huyu aliyejifunika ni nani? Nikasema mimi. Akasema sawa, ila hata yeye akivaa hivyo atakuwa mimi.

Fauzia akaichukua, akaitazama sana. Akasema, "Jamani, huyu si mimi? Macho haya si yangu?" Ati alikwenda kimyakimya, hakutaka kujionyesha, ndiyo sababu alijifunika. Akina mama wakampigia vigelegele kwa unyenyekevu wake! Nikapiga kelele. Wakaniuliza, mtu anayetaka kuonekana hujificha uso? Nikasema mwiteni Garama, yeye ndiye aliyeipiga.

Akaja. Akatazama chini. Akasema ni kweli alimpiga picha mama mmoja pale, lakini alikuwa amefunika uso, na yeye hawezi kuapa kwa asichokiona. Akaulizwa macho haya ni ya mkwewe? Akasema wallahi hajawahi kuyaona. Akaulizwa, je, Fauzia alikuwemo garini? Akasema akina mama wa rika la mkwewe hawatazami wote, heshima ni ileile.

Fauzia ndiye mwenyekiti. Hata Kalekye alimpigia kura.

Nimeketi nimelifikiria kosa. Si la Garama. Kijana mwenye heshima kama ile sitamharibu kwa kumfundisha kutazama watu. Kosa ni la ninja. Iliacha macho wazi, ndipo Fauzia akapata pa kudakia.

Mwezi ujao Garama anawapeleka wageni Amboseli. Nimeshamwarifu. Na fundi nimemwagiza ninja nyingine, ya kufunika mpaka macho.