Ombi la Kunyang'anywa Tasnifu

Nyumba ya Walimu,
Vava'u, Tonga.
Jumamosi, kabla ya kwenda shambani.

Kwako Shangazi Mele'ana, dada mkubwa wa baba, ambaye neno lako katika ukoo wetu halina rufaa,

YAH: KUOMBA UNINYANG'ANYE TASNIFU YANGU

Salamu nyingi na heshima tele. Najua utashangaa kwa nini nimeandika barua wakati nyumba yako naiona kutoka dirishani hapa. Shangazi, ana kwa ana na wewe sijawahi kubisha hata siku moja, na hiyo ndiyo asili ya balaa lote. Ulipotangaza kwamba nitasomea shahada ya uzamili na darasa langu sitaliacha, niliinamisha kichwa. Sasa chuo kimeandika kwamba sura ya tatu isipofika kabla mwezi huu haujaisha, jina langu litafutwa. Kwa hiyo naomba niyapange malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Jumapili. Siku za wiki nafundisha darasa la pili. Jumamosi nachimba magimbi na viazi vikuu vya mlo wa kesho yake, kama mtoto yeyote aliyelelewa. Inabaki Jumapili, na Jumapili nchi nzima haifanyi kazi. Hata mbwa wa Mchungaji hubweka kwa kujizuia. Nilikuuliza kama tasnifu nayo ni kazi. Ulifikiri, kisha ukatoa hukumu: kusoma si kazi, kuandika ni kazi. Nimetii. Nimesoma tasnifu za watu mpaka macho yameingia ndani. Yangu mimi ina jalada, sura mbili nyembamba na ukurasa wa shukrani, ambao wewe umeujaza peke yako.

2. Maombi. Nashukuru kuombewa, ila sioni kwa nini Mungu aelezwe kila kitu kwa kipaza sauti. Jumapili iliyopita Mchungaji Sateki alisimama akasema, "Ee Bwana, mguse Dokta Prescott, msimamizi wa kijana wetu, umlainishe moyo, maana amesema sura ya tatu haina ushahidi." Habari hiyo nilikuwa nimekuambia wewe tu. Tangu hapo watu wananipa pole dukani kama niliyefiwa. Na Jumatatu nilipodai kazi za nyumbani, mtoto mmoja wa nyuma aliuliza kwa adabu zote, "Mwalimu, kwani wewe ya kwako umeshamaliza?" Darasa zima likaangua kicheko. Nikawaambia wafungue kitabu ukurasa wowote.

3. Chakula. Kina mama wa kikundi cha ufumaji walisikia (sijui kutoka kwa nani) kwamba masomo yananikondesha. Sasa kila jioni wanakuja kwa zamu na majani ya magimbi yaliyofungwa nyama ya kopo na tui zito. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba aliyeleta chakula haachwi akae peke yake. Bi Seini aliikuta kompyuta iko wazi, akaniambia, "Endelea tu na mambo yako mwanangu, mimi wala sikusumbui." Kisha akanisimulia ugomvi wa dada zake wawili tangu siku walipogombania kitana. Sura haijasogea. Suruali ndizo zimegoma kufungwa.

4. Mkeka. Mkeka wa kujifunga kiunoni juu ya nguo siku ya mahafali, kama heshima yetu inavyotaka, umekwisha kuufuma, ukauonyesha kanisani, watu wakapiga makofi. Nguruwe wa karamu amekwisha kuchaguliwa na anaangaliwa kwa heshima kuliko mimi. Binamu zangu wa Auckland wamekata tiketi. Nilipowaambia kwamba bado sijamaliza, mmoja alinijibu kwenye simu, "Acha unyenyekevu wako huo, Kelepi, shangazi ameshasema!" Shangazi, naogopa.

5. Hapa ndipo hoja yangu inapokomaa. Kwa mila zetu, alichokitamani shangazi kwa mtoto wa kaka yake ni chake. Uliipenda redio yangu, ikahama. Ulimsifia jogoo wangu, naye siku hizi anawikia kwako. Sikulalamika, na hapa silalamiki. Ninachouliza ni kwamba, kama jogoo ni wako, tasnifu ni ya nani? Naomba uitamani. Uje uidai mbele za watu, kwa sauti ile yako, nami nitakukabidhi kompyuta, vitabu na Dokta Prescott mwenyewe. Mkeka utauvaa wewe, na kwa nilivyoutazama, utakuenea vizuri kuliko mimi. Shahada itakuwa imebaki ndani ya ukoo na nguruwe hatakuwa amenenepa bure. Na huyo Dokta akithubutu kukuambia wewe kwamba huna ushahidi, basi ni shujaa.

6. Ikiwa tasnifu haikupendezi, litamani darasa. Ni watoto wazuri, wanaanza asubuhi, nusu yao hawajafuta pua.

Chagua kimoja, uje ukichukue Jumatatu. Mtu mmoja hawezi kuwa mwalimu asubuhi na mwanafunzi jioni, akakemewa pande zote mbili.

Nisalimie mjomba Lopeti, kina mama wote wa ufumaji, Mchungaji na mbwa wake, na yule jogoo.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, ninayesubiri kunyang'anywa,

Kelepi

N.B. Nimeifungua tena bahasha. Mwalimu Mkuu amepita hapa sasa hivi. Nimepewa ruhusa ya muhula mzima, mshahara palepale, nikae niandike tasnifu. Mwalimu wa kushika darasa langu tayari yuko kwenye meli. Nikauliza huyo mwalimu hufundishaje kusoma. Nikaambiwa huandika ubaoni, watoto wakanakili kimya. Shangazi, jana Loisi wa darasani kwangu, ambaye tangu mwaka uanze alikuwa akishika kitabu juu chini, alisoma mstari mzima peke yake, kisha akanitazama kama vile mimi ndiye niliyeutunga. Ruhusa nimeirudisha. Huenda chuo kitanifuta, na utanigombeza, na utakuwa na haki. Lakini Jumatatu usije. Tasnifu ni yangu, watoto ni wangu, na ukivitamani vyote viwili jibu ni hapana.