Ombi la Mita Mia Moja Kuzunguka Kochi Langu

Mbotela, Nairobi
Alhamisi asubuhi

Kwa Mheshimiwa Mbunge wetu,

KUH: MSWADA WA MAANDAMANO UFIKISHWE HADI NYUMBANI KWANGU

Pokea heshima zangu kabla ya machungu yangu. Mimi ni Phares Khavere, karani mstaafu wa reli na mwenyekiti wa kamati ya maji ya blok yetu. Ufunguo wa mfereji wa pamoja hukaa mfukoni mwangu.

Jana alasiri nilikuwa kwenye kochi nikiwatazama ninyi wabunge katika televisheni mkijadili mswada unaotaka waandamanaji wakae mita mia moja mbali na majengo muhimu. Nilipiga makofi peke yangu. Kumbe wakati huo huo nilikuwa nikizingirwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Saa tisa, akina mama kumi na wanne walisimama mlangoni pangu wakigonga sufuria kwa miiko. Aliyewaongoza ni Bi. Batulo, jirani yangu muuza vitambaa. Walidai mfereji ufunguliwe. Ni kweli nilikuwa nimeufunga tangu Jumatatu, lakini ilikuwa kwa ajili ya nidhamu. Walisukumana kwenye foleni, Mheshimiwa, nikiwaona kwa macho yangu.

2. Kwa zile kelele, sikumsikia mbunge aliyekuwa akieleza ubaya wa kelele.

3. Niliwauliza kupitia dirisha kama walitoa notisi ya siku tatu inayotakiwa na sheria kabla ya kuandamana. Bi. Batulo akajibu, "Mzee, watoto wana kiu, na leo ni siku ya tatu. Hiyo si notisi?"

4. Hili ndilo linaloniuma. Nilimwita mke wangu, Winny, yaani Mama Celine, aje atulize watu. Hakuja. Nikachungulia tena, nikamwona katikati yao, ameshika sufuria ya ugali, ile kubwa, niliyomnunulia mimi mwenyewe.

"Mama Celine, unaandamana dhidi ya nani?" nikamuuliza.

"Dhidi ya mwenyekiti," akasema. "Na mume wangu sina neno. Mwambie unga wake uko mezani, akipata maji asonge."

Nililala njaa kwa heshima.

Kwa hivyo naomba kifungu kiongezwe: mita mia moja kuzunguka kochi langu. Nimepima kwa hatua. Eneo hilo litachukua mfereji wenyewe, nyumba zote za blok, na kitanda ninacholala na Mama Celine. Wakazi wanaweza kuhamia upande wa Industrial Area, na wakitaka maji waniandikie. Pia sheria ifafanue sufuria: ikiwa na chakula ni chombo, ikiwa tupu ni silaha.

Wasalimie Waheshimiwa wa pande zote mbili za Bunge, pamoja na wale wanaosinzia, kwani usingizi wao haujamgongea mtu mlango.

Wako katika utulivu,
Phares Khavere
Mwenyekiti

Tanbihi: Nimeileta barua hii mwenyewe hadi ofisini kwako. Askari wa lango amenifukuza. Anasema mtu aliyeinua karatasi mbele ya ofisi ya mheshimiwa ni mwandamanaji, nivuke barabara. Nikamwambia niko peke yangu. Akasema, "Hivyo ndivyo huanza, mzee."

Nimesimama juani tangu saa nne, koo limekauka, na hakuna aliyetoka hata kuniuliza jina. Nimempigia simu Mama Celine. Nilidhani atanicheka. Aliniuliza tu, "Uko upande gani wa barabara?"

Wamefika wote kumi na wanne. Ufunguo nimemkabidhi Bi. Batulo, na mimi nimepewa mwiko na mfuniko. Tafadhali puuza yote niliyoandika hapo juu, na ufungue dirisha, maana tunaanza.