Rai ya Kanada Kutoka Butiama

Jumatatu, 2 Juni 2025
Mama Helena, mwenye hoteli, ametangaza: Jumamosi wageni wataonjeshwa wiski za nafaka za dunia. Atakayezieleza vizuri ndiye mkuu wa kaunta. Tunagombea wawili, mimi na Mugeta. Nimesema wiski nazijua kama njia ya kwenda kwetu Kigera, na nitazileta mwenyewe. Sijawahi kuionja hata moja. Mugeta amesema atajifunza. Maskini!

Jumanne, 3 Juni
Nimesoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Uskochi hupika wiski ya nafaka kwa ngano au mahindi, nyepesi. Japani pia mahindi. Marekani wana ya rai, nafaka ndugu yake ngano, isiyoogopa baridi. Huwasha ulimi kama pilipili manga, na sharti ikae kwenye pipa jipya lililounguzwa ndani. Kanada huita wiski yao rai hata kama rai yenyewe ni ya kunusia tu. Na hakuna anayekamatwa! Taifa nimelipenda.

Shangazi Rhobi wa Butiama hupika gongo ya mahindi. Chupa tupu za wiski zimejaa stoo ya hoteli. Bado pipa.

Jumatano, 4 Juni
Butiama. Pipa limepatikana! Kibuyu cha maziwa cha shangazi. Kila asubuhi hukisugua ndani kwa kijinga cha moto, ni cheusi tii. Kumbe bibi zetu na Wamarekani lao moja! Shangazi alipokwenda kusali jumuiya, nikakijaza gongo yake na kurudi nacho Musoma. Sikutaka kumsumbua kwa kumwomba.

Alhamisi, 5 Juni
Shangazi kapiga simu. Kibuyu ni cha marehemu mama yake. Pombe haiingii kwenye chombo cha maziwa, hata mtoto wa chekechea anajua. Alilia. Nimejisikia vibaya sana. Nikamweleza kuhusu Kanada. Akakata.

Jumamosi, 7 Juni
Siku yenyewe. Uskochi na Japani nimezichuja kwa leso. Marekani nimeitia pilipili manga. Kanada nimeiacha ilivyo, kwa heshima.

Vidonge vyeupe vya mafuta vilielea kwenye nchi zote nne. Nikasema ndiyo dalili ya ubora. Mzee Mwandu, mfugaji wa Bunda, akaonja Uskochi, akafumba macho. Akasema hii tulikuwaga tunakunywa kwa Rhobi, Butiama. Akaonja Japani: Rhobi. Marekani: Rhobi, lakini ana mafua. Kanada alinusa tu. Akauliza, mbele ya watu wote, nani mshenzi aliyetia gongo kwenye kibuyu cha maziwa. Ukumbi mzima ukanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mugeta akasimama na chupa moja halali ya dukani. Akasoma lebo polepole, akasema mengine hajui. Wakampigia makofi! Kwa kutojua!

Jumapili, 8 Juni
Mugeta ndiye mkuu wa kaunta. Mimi naosha glasi. Kibuyu nimekirudisha, shangazi alikipokea bila kunitazama, akakipasua mlangoni. Ng'ombe anakamuliwa kwenye sufuria na anapiga mateke. Inauma.

Jioni Mama Helena akauliza kama kuna anayejua divai za Ufaransa. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Nimempigia shangazi kumuuliza kama bado ana rozela, yale maua ya juisi nyekundu. Hapokei. Labda yuko jumuiya.