Unga wa Gody na Fomu ya Kurasa Sita

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Gody amepiga chafya sasa hivi, uji wote umehamia kwenye daftari. Anacheka tu. Ana mwaka na nusu, mashavu yamejaa, na ni kazi ya unga wangu: dagaa, mtama, karanga. Kinamama wa Iringo wananiulizaga siri. Nimefunga pakiti arobaini. Mzee Mashimba amenipa kona ya meza yake pale soko la Mwigobero mpaka Jumamosi. Biashara isipoeleweka, kona anapewa Pelagia wa sabuni.

Jumanne, 5 Agosti
Afisa wa viwango kapita sokoni. Mpole, kalamu tatu mfukoni. Kasema chakula cha mtoto hakiuzwi bila alama ya ubora. Nikamwinulia Gody, nikamwambia alama ndiyo hii. Kamfinya shavu, kakubali amenona, ila alama inakaa kwenye pakiti, na unga upimwe kwanza. Kanipa fomu. Niijaze, atanisaidia kuipeleka. Pelagia kaniambia, "Mama Gody, hiyo fomu nayo ianike juani kama dagaa zako."

Jumatano, 6 Agosti
Fomu ina kurasa sita. Mimi niliishia darasa la saba. Lakini nimeisoma vizuri: inasema mtoto. Kuku haijamtaja. Nimebandika karatasi mpya, CHAKULA BORA CHA VIFARANGA. Kinamama nimewanong'oneza ukweli.

Alhamisi, 7 Agosti
Hadi saa sita pakiti kumi na mbili zimeondoka. Saa saba kaja Mniko, mume wa mteja wangu Stellah. Kamkuta mkewe nyumbani anamkorogea mtoto uji, pakiti iko pembeni. Stellah nilimwambia. Mume nilimsahau. Kasimama mbele ya meza, soko zima linasikia: "Shemeji, mwanangu ataanza kutaga lini?" Pelagia kacheka mpaka kakalia sabuni.

Ijumaa, 8 Agosti
Mzee Mashimba kaja nyumbani. Hakunifokea. Kasema binti, unga wako ni mzuri, mjukuu wangu anaula. Kesho nimwonyeshe fomu imejazwa, kona itabaki yangu hata kama alama itachelewa. Ndiyo hiyo tu anataka. Leo nalala na amani.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeamka na akili mpya. Mbolea! Mbolea haiingii mdomoni kwa mtu, nani ataifuata? Nimeandika MBOLEA YA MCHICHA kwenye pakiti zote ishirini na nane. Karatasi za lebo zilikuwa zimeisha, ila ile fomu ina karatasi nzito, safi, upande wa nyuma haujaandikwa kitu. Nimeikata vizuri kwa mkasi, imetosha kabisa. Mzee Mashimba anaita hapo nje, anasema nimletee ile fo